Picha ya Mgongo wa Mama

Yaani siku ile kutoka chuo mpaka nyumbani nilikimbia, koti langu jeupe mkononi, maana habari niliyokuwa nayo ingenipasua kifua. Mgongo wa mama haukuwa umevunjika. Wala haukuwahi kuvunjika.

Asubuhi mwalimu wetu wa tiba ya viungo alitundika picha nne za eksirei za migongo kwenye kioo chenye taa, akauliza nani kati ya hawa anaumwa. Darasa zima tukachagua ya mwisho, pingili zimesagika mpaka unaona huruma. Akacheka. Ilikuwa yake mwenyewe, na kila siku anapandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu. Anayeumwa, asiyeweza kukaa hata nusu saa, alikuwa yule wa kwanza, mwenye pingili zimejipanga vizuri.

Wenzangu walicheka, mimi nikaduwaa. Kwetu, juu ya kabati, kuna bahasha ya kaki yenye picha ya mgongo wa mama.

Miaka kumi na moja nyuma mama alikuwa anafua mashuka ya bweni. Akanyanyua beseni la mashuka yaliyoloa, mgongo ukamkata. Aliyempiga picha, huku akitafuta kalamu yake mezani, akamwambia, "Mama, huu mgongo ni wa bibi wa miaka themanini. Usiiname tena."

Na mama hakuinama tena. Aliacha kazi, akawekewa kiti chenye mito miwili, na kila kitu cha kuinamia kikaenda kwa dada yangu: kufua, kudeki, hata kumvalisha mama viatu. Dada alikuwa kidato cha pili. Alianza kukosa Jumatatu, halafu wiki nzima, halafu shule ikaacha kumuulizia. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni picha dirishani, kisha anamnyooshea dada kidole: "Na huyu ndiye kiuno changu." Jina likaganda. Mtaa mzima unamwita Kiuno, na vijana wa kijiweni wanajua kulitamka vibaya.

Nilimkuta anadeki sebuleni. Nikamruka na ndoo yake, nikashusha bahasha, nikaiinua picha dirishani: pingili zimechakaa, ila hakuna iliyovunjika. Kwanza nilimuuliza mama maswali yote tuliyofundishwa: miguu inakosa nguvu? Katikati ya mapaja panakufa ganzi? Mkojo unatoka wenyewe? Homa, kukonda? Akaniambia nishike adabu, ila yote akajibu hapana. Basi nikamwaga. Kwamba mgongo ukikata ghafla vile, mara nyingi wiki chache unapoa, mradi mtu aendelee kutembeatembea. Kwamba maumivu yakipita miezi mitatu, mara nyingi si kwamba kuna kitu kinazidi kuharibika. Ni kengele ya shule inayoendelea kulia wakati watoto wameshafika nyumbani. Na kwamba hofu tu inatosha kuuma, na kiti na mito ndivyo vilivyomkausha.

"Kwa hiyo nilikuwa naigiza," mama akasema.

"Hapana, mama. Unaumwa kweli. Ila kuinama hakukuvunji."

Nilimsimamisha. Mikono kwenye mapaja, pumua, teremka taratibu. Magotini akasita. Nikamwambia pakiuma kidogo, si kitu. Akateremka mpaka kwenye kiatu chake, akakishika, akainuka nacho. Nilipiga makofi kama mwehu. Mama alikitazama kile kiatu, machozi yanamlenga.

Nikageuka nimwone Kiuno naye akifurahi. Alikuwa bado amechuchumaa, tambara mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Hiyo picha," akaniuliza, "siku ile ilikuwa hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Na haikumkataza kitu."

"Haikumkataza."

Akahesabu kidogo kwa midomo, bila sauti. Halafu akainuka, akakunja tambara vizuri, akalitundika ukingoni mwa ndoo.

"Pale mlangoni bado, mama," akasema, na akatoka.

Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Mama alilitazama tambara. Nilikuwa bado nimetabasamu, Mungu anisamehe, nikingoja ainame. Akapeleka mkono kiunoni, akarudi kitini taratibu, akaegemea mito yake. "Maumivu yamerudi," akasema. "Tena leo ni makali kuliko siku zote." Uso wake ulikuwa umekunjamana kweli, jasho kweli. Na mimi ndiye niliyetoka kumwambia kwamba hofu tu inatosha kuuma. Ningemwitaje mwongo?

Akaniomba niirudishe bahasha kabatini. Nikairudisha.

Kisha nikashika tambara, nikamalizia mlangoni. Miaka kumi na moja mimi nikiwa darasani, kuanzia la tatu mpaka chuo, kumbe sikuwahi kudeki chumba kile. Dakika kumi tu kiuno kikaniwaka moto. Nilipomaliza nikabaki na ndoo ya maji machafu, nisijue huwa yanamwagwa wapi. Nikamuuliza mama. Naye hakujua.

Nikatoka nayo kibarazani. Kiuno alikuwa amekaa ngazini, mgongo umenyooka, akitazama barabara. Nikamuuliza. Akasogea kidogo nipite na ndoo, macho bado barabarani.