Mpachika Fataki

Jumatatu baada ya alasiri, Yaqoub alitandika gazeti juu ya meza ya sebuleni kwake, mtaa wa Rashidiya, Uarabuni, akaiweka bastola ya babu wa babu yake. Ilikuja na ukoo kutoka Unguja. Ni bastola ya kizamani, ya baruti nyeusi. Nyuma ya silinda yake vimetokeza vichuchu vya chuma, na kila kichuchu huvishwa fataki, kikofia cha shaba kisichofika punje ya hindi. Yaqoub alikuwa na kibali cha kuilipua, bila risasi, kwenye harusi ya bintiye siku ya Ijumaa. Vidole vyake vilikuwa vinene na fataki zilimponyoka, kwa hiyo aliagiza vyombo viwili vya kuzipachikia: kimoja cha mviringo kama saa ya mfukoni, kingine kirefu na chembamba. Alitaka kuchagua.

Irene, mfanyakazi wa ndani kutoka Kitale, alileta kahawa, kisha akabaki amesimama mlangoni. Baba yake alikuwa amefariki usiku uliopita. Pasipoti ya Irene ilikaa ndani ya droo ya Yaqoub.

Yaqoub alijaribu kile cha mviringo. Fataki ya kwanza ilikaa upande. Aliisukuma kwa kucha mpaka ikaingia, na hapo hapo sauti ikapiga hodi upande wa jikoni.

Aliingia mwanamume aliyejifunga kaniki, akiwa na tundu la risasi chini ya titi la kushoto. Alipangusa miguu kwenye zulia la mlangoni. Bi Khamisa, mama yake Yaqoub, alimtambua kwa jinsi alivyosimuliwa na mkwewe habari za mtumwa wa yule babu mwenye bastola.

"Sogea ukae, Sowedi," alisema.

Haikujulikana nani amwamkie nani shikamoo, wakaacha. Irene alimmiminia kahawa. Iliyotoka tunduni aliipangusa kwa kitambaa.

"Hicho cha mviringo si chombo," Sowedi alimwambia Yaqoub. "Mdomo wake mpana, haufiki kwenye kichuchu. Nipe hicho chembamba."

Alikishika kana kwamba alikiacha jana. Fataki zilikuwa zimejipanga ndani yake kwa mstari. Aliielekeza bastola sakafuni, akazipachika moja moja, akizikandamiza kwa kijiti cha meno badala ya kucha.

"Isipokaa sawasawa, bastola inagoma," alisema. "Bwana alikuwa na vidole kama vyako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpachikia."

"Hata siku ile?" Bi Khamisa aliuliza.

"Hata siku ile. Zilikaa sawasawa."

"Sisi tuliambiwa ilikuwa ajali. Kwamba alikuwa akiisafisha."

"Alikuwa ameishika, nami nikamwomba ruhusa ya kwenda kwetu."

Bi Khamisa alitazama tasbihi yake. Yaqoub aliichukua bastola, akaipima uzito mkononi, akaridhika na chombo chembamba.

"Sir," Irene alisema, "nilikuwa na ombi."

Sowedi aligeuka. "Usiombe akiwa ameishika."

Yaqoub alivuta nyundo kwa kidole gumba, akairudisha polepole, akaivuta tena. Mdomo wa bastola ulipita kwenye pazia, ukapita kwenye birika, ukatulia upande wa mlango.

"Haina kitu hii," alisema. "Sema, Irene."

"Hata bwana alisema haina kitu," Sowedi alisema.

Irene aliutazama ule mdomo. Alingoja uinamishwe, lakini haukuinamishwa, na mazishi yalikuwa Alhamisi.

"Baba amefariki, sir. Naomba pasipoti nikamzike."

"Inna lillahi," Yaqoub alisema, na kweli alisikitika. "Pole sana. Lakini unaona wiki yenyewe. Baada ya harusi, inshallah. Khalas?"

"Mpe mtoto wa watu aende, Yaqoub," Bi Khamisa alisema.

"Mama, wageni wote hawa atawahudumia nani?"

Bi Khamisa alirudi kwenye tasbihi yake.

Alhamisi Irene alitazama mazishi kwenye simu, akikunja vitambaa vya meza. Ijumaa, kwenye harusi huko shambani, Sowedi alipachika fataki na Yaqoub akalipua hewani. Kila mlio Sowedi alianguka, akainuka, akakung'uta mchanga. Wageni walimpisha nafasi ya kuangukia. Hakuna fataki iliyogoma, na Yaqoub alisifiwa kwa kuchagua chombo kizuri.

Jumamosi bastola ilikuwa imelala mezani. Irene alimkuta Yaqoub mikono mitupu, akiperuzi picha za harusi.

"Sir, ile ruhusa yangu."

Yaqoub alimtazama kwa mshangao wa upole. "Si walishazika?"

Akarudi kwenye picha. Irene alikwenda jikoni. Sowedi alikuwa amesimama karibu na sinki, akingoja maji ya moto ya kuoshea masizi ya baruti.

"Na wewe bwana alikujibu nini?" Irene alimuuliza.

"Niende baada ya mavuno ya karafuu. Mimi nikasema sitangoja."

Irene alilitazama lile tundu kifuani mwake, kisha akawasha jiko, akateleka sufuria ya maji.