Uso Bado

Mwalimu Waliaula wa kuchora hataki tuanze na uso. Jumamosi ya kwanza tu, kwa ule ukumbi wa kanisa nyuma ya soko ya Kondele, alipita nyuma yangu akaona nimechora macho mawili, na kope zote, na hakuna kitu ingine kwa karatasi.

"Lornah, huyu mtu wako ataenda wapi bila miguu?"

Watu wakacheka. Calvince ndiye alikuwa amesimama mbele tumchore, na yeye pia akacheka mpaka akaharibu vile alikuwa amesimama.

"Uso ni ya mwisho," Mwalimu akasema. "Anza na mgongo. Angalia mtu ameegemea mguu gani. Si unaweza kumjua mtu wenu kutoka mbali hata kama hujaona uso? Ni vile anasimama."

Hiyo maneno nilienda nayo mpaka nyumbani, kwa sababu kuna mtu nilitaka kuchora na uso wake ulikuwa umeanza kunipotea.

Baba alipofariki, Mama alikaa kidogo halafu akaolewa Sondu. Watu wa Baba wakasema mtoto ni wa hii boma, haendi kwa mwanaume mwingine. Nikabaki kwa Dani, nyanya yangu. Siku ya kuondoka Mama aliniambia pale kwa mlango, "Wacha nitulie huko kwanza. Nitaongea na wao, nikuchukue." Hiyo kutulia ndiyo nimekuwa nikingoja.

Sasa Mwalimu akatupea kazi, kila mmoja achore mtu wa kwao, mwili mzima. Calvince akasema atachora jogoo ya nyanya yake, ati hiyo ndiyo mtu inaheshimiwa sana kwao.

Mama huja Dunga, kando ya ziwa, kuchukua omena, hizo samaki ndogo, za kuuza Sondu, lakini huja nikiwa shule. Nikamwomba na simu ya Dani aje Jumamosi mchana, nikitoka darasa. Na nikajifunza maneno mbele ya kioo: Mama, Disemba nikuje nikae na wewe?

Nilimpata kando ya zile nyavu wanaanikia omena, amevaa sweta kubwa ya mwanaume na amejifunga leso juu yake. Alinikumbatia na upande, haraka haraka. Niliposema nataka kumchora akashtuka.

"Na hii nguo ya samaki? Wenzako waseme mama ya Lornah ni mchafu?"

Akaazima kitambaa ya kichwa kwa Mama Becky, rafiki yake wa hapo Dunga. Akapaka mdomo mafuta. Halafu akasimama wima, mikono kando, macho mbele, hata hapumui vizuri. Watu wetu ukiwaambia picha ni hivyo, kama wako kwa chifu wanapigwa ya kitambulisho.

"Mama, simama tu kawaida."

"Hii ndiyo kawaida."

"Aah, Mama Lornah!" Mama Becky akacheka. "Kawaida yako ni kupigania bei, si kusimama kama askari wa benki."

Nikachora. Ikatoka kama mlingoti wa stima umevaa sweta. Mama akaipenda sana. Akaikunja akaweka ndani ya mkoba, halafu akaenda kuongea bei na mwenye omena, akanisahau.

Hapo ndipo nikafungua karatasi ingine. Nikaanza na mgongo.

Mama ninayemjua husimama ameegemea mguu wa kushoto, kiuno imetoka nje, kwa sababu hapo ndipo alikuwa ananibeba. Lakini leo miguu zake zilikuwa zimeachana, zote mbili zinashika kazi. Mkono moja nyuma ya kiuno. Mgongo inaenda nyuma, kama mtu amebeba beseni mbele ya tumbo. Nikafikiri nimekosea, nikafuta. Nikaangalia tena. Ikatoka vilevile.

Na hakuwa amebeba beseni.

Sijui alikuja saa ngapi nyuma yangu. Aliangalia karatasi mpaka nikasikia anavuta leso akijifunika.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema.

Nikaendelea kuangalia karatasi.

"Nyathina. Mtoto wangu. Niangalie."

Maneno ya kioo yote ilikuwa imeenda. Nikasema tu, "Disemba?"

"Disemba atakuwa amezaliwa. Utakuja umwone."

"Nikae?"

Mama akaangalia ziwa. Mama Becky akajifanya anageuza omena zenye ashageuza.

"Umwone," Mama akasema. "Ile nyumba si yangu peke yangu, Lornah."

Odongo, mwenye pikapu ya kubeba wamama wa Sondu na magunia zao, akapiga honi. Wengine walikuwa washapanda. Nikaanza kukunja karatasi yangu na Mama akanishika mkono.

"Bado hujamaliza hiyo."

Akafungua leso akampea Mama Becky. Akavua sweta pia. Akasimama kando, tumbo iko wazi, mkono nyuma ya kiuno, hapo mbele ya watu wote.

"Mama Lornah! Tunaenda!" Odongo akaita.

"Nachorwa!"

"Unachorwa na nani? Nitakuacha!"

"Niache basi!"

Nilichora polepole. Kwa darasa tunapewa dakika mbili tu, lakini hapa hakukuwa na Mwalimu. Nilichora vidole za miguu moja moja. Nilichora mikunjo ya nguo, hata zile hazikuwako. Nikifika kwa mabega narudi tena kwa miguu, na Mama alikuwa anaona narudi, na akaniacha tu. Alikuwa amechoka, lakini hakukaa.

Honi ikalia tena, hiyo ndefu. Nikaweka penseli chini.

Mama akakuja kuangalia. "Na uso?"

"Uso bado. Ni ya mwisho. Mpaka ukuje tena."

Akaangalia hiyo mahali nyeupe. Akaivaa sweta yake polepole, akajifunga leso.

"Basi usichore mtu mwingine hapo," akasema, akaenda akipunga mkono kwa Odongo amngoje.