Sauti ya Kumlaza Mheshimiwa

Mheshimiwa aliingia katika nyumba ile akiwa ndani ya boksi la hamira, umri wake wiki tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyelala vizuri isipokuwa yeye mwenyewe.

Aliyemleta alikuwa baba wa nyumba hiyo, mwoka mikate, aliyepewa na mwenzake kazini kijibwa cha mwisho katika uzao wa watoto sita. Jina alilipata kwa mwenendo wake. Akiletewa sahani hakuifuata, aliingoja imfikie, halafu akala huku ametazama pembeni kana kwamba anawafanyia hisani. Mke wa mwoka mikate alisema yeye hataki mbwa ndani ya nyumba. Alilisema hilo huku amempakata na kumkuna tumbo, kwa hiyo mumewe hakulitilia maanani.

Shida ilikuwa kazi. Mume aliondoka kabla ya jogoo na kurudi saa saba mchana, akala, akalala kama gunia la unga. Mke aliingia kazini saa mbili. Msaidizi wa daktari wa mifugo, kijana mwenye maneno mengi kuliko dawa, aliwashauri wanunue kizimba cha waya, waweke blanketi na soksi kuukuu yenye harufu ya baba, na mtoto huyo wa mbwa akae humo wasipokuwepo. Mke akimbie nyumbani saa nne na nusu, wakati wa chai, amtoe akojoe. "Ila akilia msimfungulie," alisema. "Mkimfungulia akilia, mtakuwa mmemfundisha kwamba kulia ndio ufunguo."

Jumatatu Mheshimiwa alilia kuanzia saa mbili na dakika tano. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mke aliporudi saa nne na nusu alimkuta mama mwenye nyumba amesimama kwenye ngazi. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyeishi peke yake ghorofa ya chini, na wapangaji wote walimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesikiliza makelele ya watoto miaka thelathini na tano," alisema Mwalimu. "Sikustaafu ili nije kusikiliza ya mbwa. Nakupa mpaka Ijumaa, binti. Ijumaa ikifika analia hivi, mbwa arudi alikotoka."

Yule mke alipanda ngazi hadi kwake. Alipofungua kizimba, Mheshimiwa alimrukia na kumlamba kidevu, mkia ukipiga waya upande huu na huu. Hapo ndipo alipojua, na akajishangaa, kwamba hayuko tayari kumrudisha.

Sasa tuseme kidogo kuhusu kazi yake, maana bila kazi hiyo pasingekuwa na hadithi. Alikuwa mpokea simu za malalamiko katika ofisi ya maji, na wenzake walimwita Dakika. Ofisini kulikuwa na taratibu mbili. Ya kwanza: kila analosema mteja, umrudie neno kwa neno kwa sauti ili kuhakikisha mmeelewana. Ya pili: umuage upesi. Hii ya pili aliilinda meneja kwa roho yake yote. Alikuwa na ubao ukutani wenye wastani wa muda wa kila mtu, na kwa sababu hiyo watu walimwita Bwana Wastani, ingawa si mbele yake. Dakika alikuwa wa kwanza ubaoni miaka minne mfululizo. Mtu angepiga amefura kwa hasira, na sekunde sabini baadaye angejikuta ameshukuru na kuagwa, bado bomba linavuja. Nafasi ya usimamizi wa zamu ilikuwa wazi mwezi ule, na kila mtu alijua ni yake.

Jumanne alibuni njia. Simu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, aliiweka juu ya kizimba ikiwa kwenye chaji, spika imefunguliwa hadi mwisho. Simu yake mpya, ambayo kwa kanuni ilitakiwa ikae kabatini, aliitumia kupigia ile ya kizimba, na bila kukata akaitia mfukoni mwa sweta, na waya mwembamba ukapita chini ya mtandio mpaka sikio la kushoto. Sikio la kulia lilikuwa la ofisi ya maji. La kushoto lilikuwa la Mheshimiwa.

Nia yake ilikuwa kusikiliza tu. Lakini alipopokea mteja wa kwanza, kilio cha sikio la kushoto kilikatika ghafla. Mheshimiwa alikuwa akisikiliza. Sekunde sabini baadaye mteja akaagwa, na kilio kikarudi na nguvu mpya. Mteja wa pili, kimya. Akaagwa, kilio. Kufikia mteja wa tano Dakika alikuwa ameng'amua: Mheshimiwa hakutaka blanketi wala soksi ya baba. Alitaka mtu aongee.

"Bomba linavuja?" alimwambia mteja wa sita, akajiegemeza kwenye kiti. "Pole sana, mama. Linavuja tangu lini? Tangu Jumapili. Na kabla ya Jumapili lilikuwa na hali gani?"

Wateja walishtuka mwanzoni. Mmoja aliuliza kama wanataka kumkatia maji, maana hajawahi kuulizwa habari zake na ofisi hiyo tangu azaliwe. Lakini binadamu akipata wa kumsikiliza hahitaji kubembelezwa mara mbili. Mzee mmoja alipiga kulalamika kwamba tangi lake halijai. Kufika dakika ya nne alikuwa ameeleza kwamba mkwewe, anayeishi jirani, amechomeka mpira wa maji nyuma ya ukuta. Kufika dakika ya tisa alikuwa amerudi nyuma mpaka siku ya harusi, ambapo aliiona ile sura na hakuipenda.

"Nikurudie, mzee," alisema Dakika kwa upole. "Unasema mkweo anachota usiku, mchana anakuja kwako kukupa pole kwa kukosa maji. Alaa! Na pole hiyo anaitoa amesimama au ameketi?"

Mheshimiwa alikoroma. Mzee wa tangi alipiga tena Jumatano, na Alhamisi, akikataa kuhudumiwa na mtu mwingine.

Alhamisi jioni Bwana Wastani alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Dakika alikuwa ameshuka kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, chini hata ya mama mmoja aliyekuwa likizo.

"Unaumwa?" alimuuliza.

"Hapana, bosi. Wiki hii wateja wana mambo mengi."

"Kesho ndiyo naandika jina la msimamizi," alisema Bwana Wastani. "Kesho nataka kukuona wewe ninayekufahamu."

Dakika akalala na mawazo hayo. Angeweza Ijumaa moja tu kurudi alivyokuwa, akafunga kila simu kwa sekunde sabini, akapata cheo, na saa saba akafika nyumbani kumkuta Mwalimu na boksi la hamira mlangoni. Asubuhi alivaa sweta, akapitisha waya chini ya mtandio. Hakujidanganya kuhusu alilokuwa amechagua.

Basi mambo yakaharibika kwa njia ambayo hakuitarajia. Mafundi waliokuwa wakilitengeneza bomba kubwa la mjini lililopasuka, ambao hawajawahi kuwahi jambo lolote maishani mwao, siku hiyo waliwahi. Saa tano na nusu maji yalitoka kila nyumba. Simu zikapungua, zikaadimika, zikakoma. Ukumbi mzima ukatulia, wapokea simu wakaanza kutazama kucha zao.

Kwenye sikio la kushoto Mheshimiwa alikohoa kidogo, akajinyoosha, akaanza kusafisha koo.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?" alisema Dakika kwa laini isiyo na mtu. Sikio la kushoto likanyamaza. "Ndiyo, mama. Mita yako inazunguka kinyumenyume. Nimekuelewa kabisa."

Mita ile haikufika mbali. Hakuwa mtu wa kutunga, alikuwa mtu wa kukata maneno, na dakika mbili hazijaisha alikuwa ameishiwa. Mheshimiwa akaanza kuguna. Ndipo alipoanza kuokota yaliyokuwa karibu.

"Sasa nikurudie, mama. Unasema nyumba imekuwa kimya. Tangu lini? Tangu binti aende chuo. Ndiye huyo mmoja tu. Na baba yake anarudi saa saba, anakula, analala mpaka giza. Unasema si kosa lake, amekesha na tanuri. Nimeandika hapa, si kosa lake. Unasema bado unapika cha watu watatu, mkono umezoea. Na jioni unafungua bomba la jikoni, unaliacha litiririke kidogo, ili usikie kitu. Hapana, mama. Bomba lako ni zima. Hilo silo lenye tatizo."

Alikuwa mpweke. Hakuwahi kulisema, hata kwa mumewe, na sasa analisema mbele ya watu ishirini kwa sauti ya ofisi. Machozi yalimlengalenga. Alipoinua macho alimwona Bwana Wastani amesimama mbele ya meza yake, mikono kifuani. Taa ndogo ya laini yake ilikuwa imezimika, na yeye Bwana Wastani alikuwa akiitazama.

Kuacha ilikuwa rahisi. Angeacha, angesema anajizoeza. Lakini Mheshimiwa alikuwa katikati ya kusinzia, ile hali ambayo mtoto ukimwacha hapo anaamka na hasira mara mbili. Dakika alimtazama bosi wake usoni na kuendelea.

"Na huyo mtoto wa mbwa uliyeletewa, mama, unasema analia akiachwa peke yake. Nawe unamwelewa. Ndiyo. Malalamiko yako nimeyapokea. Tutafuatilia."

Kwenye sikio la kushoto kukaja mkoromo mwembamba.

"Laini yako imezimika kwa dakika kumi na nane," alisema Bwana Wastani. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mbwa, bosi."

Bwana Wastani alikuwa amesikia visingizio vingi katika utumishi wake. "Ana namba ya mteja?"

Dakika alivuta waya kutoka chini ya mtandio na kumpa. Bosi aliweka sikioni, akasikiliza, uso haukubadilika. "Anakoroma," alisema mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua na simu yenyewe, akaizima, akasema ataipata saa kumi. Nafasi ya usimamizi ilikwenda kwa dada wa meza ya pili kabla ya saa sita na nusu.

Ilimuuma. Mtu asiwadanganye kwamba haikumuuma, miaka minne si mchezo. Lakini jambo la kwanza alilofikiri, hata kabla ya kupiga makofi ya kumpongeza mwenzake, ni kwamba nyumbani sasa hakuna anayeongea.

Saa saba, wakati wa chakula cha mchana, alikimbia nyumbani. Mwalimu alikuwa kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Amelia," alisema Mwalimu. "Saa sita na nusu, dakika tano nzima."

"Mwalimu, nakuomba..."

"Sijamaliza. Nikapanda kumwambia anyamaze. Mlango umefungwa, nikamsemesha kwenye tundu la ufunguo. Nikamsomea jedwali la saba. Amelala kwenye saba mara sita." Akatikisa kichwa. "Darasa la nne walikuwa wanafika walau saba mara nane."

Dakika akaangua kicheko pale pale kwenye ngazi.

"Na mimi nina malalamiko," Mwalimu akaendelea. "Wiki nzima nakusikia darini kwangu, sauti yako inapita sakafuni kama redio. Lakini nasikia upande wako tu. Unasema, 'Alaa! Na pole hiyo anaitoa ameketi?' halafu kimya, nami nabaki na sufuria mkononi. Yule mkwe alikuwa ameketi?"

"Ameketi, Mwalimu. Na aliomba maji ya kunywa."

"Shenzi!" alisema Mwalimu kwa furaha kubwa. "Nilijua." Kisha akashusha mikono kutoka kiunoni, na sauti yake ikashuka pia. "Na huyu wa leo. Mama wa binti aliyekwenda chuo, anayefungua bomba asikie kitu. Umemwambia mtafuatilia, basi, ukanyamaza. Mimi nina watoto watatu, wote wako mbali, mwaka wa sita huu. Umemsaidia nini yule?"

"Bado, Mwalimu," alisema Dakika. "Bado tunafuatilia."

"Ofisi yenu hiyo!" Mwalimu alitoa kipande cha karatasi mfukoni, namba imeshaandikwa, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. "Mpe hii. Mwambie kuna mtu yupo nyumbani kutwa. Na mbwa abaki, mpaka hapo tutakapoona."

Akageuka, akashuka zake, akafunga mlango.

Jumamosi mume alikuwa kwenye tanuri kama kawaida. Dakika aliosha vyombo vya asubuhi, akafagia, akafagia tena pale pale. Mheshimiwa, mlango wa kizimba ukiwa wazi, alikuwa amejilaza humo kwa hiari yake akitafuna soksi. Ile karatasi ilikuwa mezani tangu jana. Aliichukua, akaiweka, akaichukua. Mwisho akaketi sakafuni kando ya kizimba na kupiga.

Simu ililia chini ya miguu yake, akaisikia kwa masikio yote mawili. Ikapokelewa.

"Halo?"

Miaka yote alikuwa upande wa pili wa neno hilo, na sasa hakujua mteja huanzia wapi.

"Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Yule mama wa jana ni mimi."

Kupitia sakafu akasikia kiti kinavutwa na mtu anaketi.

"Haya, mwanangu," alisema Mwalimu. "Anza mwanzo."