Uzito wa Boriti Iliyoliwa

Fundi Kornelio alishuka ngazi akijipukuta udongo wa mchwa mabegani. "Mama, kenchi yote ya paa imeliwa," alisema. "Lakini usihangaike na mbao mbovu. Nitazibeba mwenyewe nikachomee matofali kule kwangu."

Teresia, mwalimu mstaafu, alijiuliza moyoni. Tangu lini fundi akabeba takataka za mtu bila kuombwa? Nyumba hii ya Magomeni baba yake aliipaua kwa mninga mtupu, mbao ghali isiyoliwa kirahisi na mchwa, na ushahidi wote aliokwisha kuonyeshwa ni kipande kimoja chenye matundu, kisichozidi kiganja. Alivuta kigoda akakaa mlangoni, macho juu ya paa.

Adhuhuri boriti ya kwanza ikashushwa. Wanaume wanne waliibeba wakihema, mishipa ya shingo imewatoka, kuelekea kwenye mkokoteni.

"Iwekeni chini," alisema Teresia.

"Mama, hii mchwa wameila ndani yote," Kornelio alisema akijifuta jasho. "Limebaki ganda tu."

"Ganda?" Teresia aliinuka. "Haya, wenzako wakae pembeni. Libebe peke yako hilo ganda, nami nitakufungulia geti."