Lami Juu ya Bati

Fundi bati hakuwahi kukubali kosa maishani mwake. Paa aliloliezeka likivuja, atakwambia mvua imekuja vibaya. Majirani walimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja.

Lakini tangu binti yake aondoke na mjukuu, nyumba ilikuwa haikaliki. Mtoto alikuwa akitokwa na vipele vya joto mgongo mzima, akilia mchana kutwa, na mama yake alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akahamia kwa wakwe, mwendo wa saa tatu kwa basi. Kiatu kimoja cha mtoto kilisahaulika uvunguni. Mzee akifagia hukizunguka tu, hataki kukisogeza. Alimkumbuka yule mtoto hadi chakula kikawa hakishuki.

Na joto lile alilipika mwenyewe. Miaka kumi nyuma, ili kuziba matundu, alilipaka bati lake lami nyeusi. Nyumba sita za safu yao zimeshikana chini ya paa moja refu, basi majirani nao wakamwita awapakie. Lami ikazuia mvua, ikakaribisha jua. Nesi wa zahanati ndiye aliyemfungua macho: rangi nyeupe hulirudisha jua lilikotoka, lami hulimeza lote.

Akapaka upande wake rangi nyeupe. Ndani kukapoa kiduchu tu, maana joto la majirani lilipita darini bila hodi. Hapo akajua hana pa kukwepea. Alivaa shati la kutokea, akabisha milango mitano, na kila mlango alilitoa neno lililomkwama miaka yote.

"Nilikosea," alimwambia mshona nguo wa mlango wa pili. "Ile lami ndiyo inayotuchoma. Naomba niirekebishe kwa mkono wangu."

Mshona nguo alimtazama, akamuuliza kama anaumwa. Jirani wa mwisho alimcheka mpaka akachoka, kisha akamshikia ngazi. Wiki mbili mzee alipanda na kushuka, magoti yakimlalamikia, mpaka safu nzima ikawa nyeupe. Ndipo akampigia binti yake simu, akamwomba aje ajionee, siku moja tu.

Alikuja Jumamosi, mtoto mgongoni, akatangulia kusema kwamba atarudi na basi la saa kumi. Akisinzia, baba amwamshe. Saa saba mchana, saa iliyokuwa ya kilio, aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda. Alimlaza mtoto mkekani, akajinyoosha kando yake, wote wawili wakapitiwa na usingizi.

Mzee alikaa mlangoni, akimnyamazisha kila apitaye. Alisikiliza pumzi mbili alizozikosa miezi minane. Angeweza kukaa kimya tu, basi likaondoka. Lakini alikuwa ameaminiwa, na saa tisa na nusu aliingia, akamgusa binti yake bega.

"Amka mama, basi lisikuache."

Binti alifumbua jicho moja, akaupapasa mgongo wa mtoto. Ulikuwa mkavu.

"Kesho lipo jingine?"

Mzee alitamani kusema hakuna, hakuna mpaka mwaka kesho.

"Lipo," alisema.

"Niache nilale kidogo, baba."