Boneti Kati ya Wakwe

Tangu apeleke posa, fundi Melkiori wa Mkiwa hakuwahi kukutana na mama mkwe wake uso kwa uso, na kwa mila za pale hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Mama Klara akitokea njia hii, Melkiori anaingia kichakani. Mama Klara akiingia dukani kwa mlango, Melkiori anatokea dirishani. Siku moja walikaribia kugongana kwenye kidaraja chembamba, ikabidi Melkiori ateremke korongoni, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimekolea, aliloa mpaka kifuani. Watu walimsifu. Walisema kijana ana adabu, ila akague mapafu.

Tabu ilikuwa moja tu. Mama mkwe huyo alikuwa na pikapu, na Mkiwa nzima fundi wa magari alikuwa Melkiori.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Biashara ilipofunguliwa, Mama Klara aliacha kuuza vitunguu kwa fungu akaanza kuuza kwa gunia. Akanunua pikapu kwenye mnada wa ofisi moja ya umma, gari lililozeekea kazini kama watumishi wa ofisi yenyewe, ila lenyewe halikupewa kiinua mgongo. Akajifunza kuliendesha mwenyewe, kwa nguvu. Gari likamkubalia kila kitu isipokuwa gia. Akikanyaga klachi akitaka gia ya kwanza, linatoa mlio wa jiwe lililoingia kwenye mashine ya kusaga.

Melkiori alibadilisha klachi pleti. Likakwaruza. Akabadilisha silinda ya juu inayosukuma mafuta ya klachi, na ya chini inayoyapokea. Likakwaruza, sasa kwa vipuri vipya. Na kila alipolijaribu yeye, halikuwa na neno, kwa sababu alikuwa na ule ugonjwa wa mafundi wa kupampu klachi, yaani kuikanyaga mara mbili tatu harakaharaka, kabla ya kuingiza gia, bila kujijua.

Sasa Jumapili ilikuwa inakuja. Wazee wa ukoo wa Klara walitakiwa kuletwa kutoka Mgori kumaliza kikao cha mahari, na walishasema hawatembei. Klara mwenyewe alikuwa hukohuko kwa shangazi yake, akingoja. Gari la kuwaleta wote lilikuwa hilohilo. Mama Klara naye alishatamka mbele ya mashahidi:

"Fundi akishindwa gari langu, binti yangu atamwezea wapi? Yupo karani Singida mjini anamtaka. Ana baiskeli, na baiskeli haina klachi."

Jumamosi asubuhi pikapu ilifika gereji, yaani kile kipande cha uwanja kando ya barabara kilichokunywa oili kuliko magari yote. Melkiori akakimbilia nyuma ya lundo la matairi. Mama Klara akabaki nyuma ya usukani, ametazama upande wa Dodoma. Katikati alisimama Mzee Stefano, mshenga, ambaye kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ya huku kuyapeleka kule, na njiani kuyaosha.

"Mshenga," alisema Mama Klara, "mwambie huyo mtu wako hana akili."

Mzee Stefano akapiga hatua zake chache mpaka kwenye matairi. "Mama yako ana imani kubwa kwamba leo utagundua."

"Mwambie shikamoo. Na umuulize anakanyagaje hiyo klachi."

Mzee akarudi. "Anakuamkia kwa heshima zote, mama, anauliza unakanyagaje."

"Kwa mguu! Anadhani nakanyaga kwa kiwiko?"

"Anasema anakanyaga kama kawaida," Mzee Stefano aliyaambia matairi.

Wote watatu walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Lakini utaratibu ni utaratibu.

Hapo ndipo Melkiori alipogundua kwamba siku zote hizi hajawahi kutazama upande wa injini wakati mtu mwingine anakanyaga. Akasubiri Mama Klara ashuke na kugeukia barabara, akafungua boneti, akamwomba mshenga apande. Mzee Stefano akavua viatu nje, akapanda, akabonyeza klachi kwa ncha ya kidole gumba cha mguu.

"Kandamiza, mzee."

"Gari la watu, mwanangu."

Hakuna kilichoonekana. Uliohitajika ulikuwa mguu wenyewe, ule wenye kesi.

Wakajadiliana. Boneti ikiwa juu, dereva haoni kitu zaidi ya rangi, na fundi haoni kitu zaidi ya injini. Mzee Stefano akafikiri sana, akatoa hukumu: "Boneti ni kama pazia. Wala wazee wetu hawakuacha neno lolote kuhusu boneti."

Mama Klara akarudi kwenye kiti. Akakanyaga.

Lile bati la ukuta, linalotenga injini na miguu ya dereva, lilisogea mbele kama tumbo la mtu anayevuta pumzi, limeibeba ile silinda mpya mgongoni. Nguvu yote ya mama ilikuwa inaishia kwenye bati, klachi inapata makombo. Halafu, pembeni ya silinda, ukafunguka ufa wa kuingia kidole, na ndani ya ufa Melkiori akaona sandali nyekundu ya plastiki na mguu ndani yake.

Mguu wa mama mkwe. Akafumba macho.

Akitazama, adabu imekwenda. Asipotazama, Klara amekwenda, tena kwa baiskeli. Akafumbua macho.

"Mzee, mwambie akanyage tena, asiachie."

Mzee Stefano akazunguka gari kupeleka ujumbe. Alipofika, mguu ulikuwa umeshaachia na ufa umejifunga kimya, kama mwizi aliyeshika Biblia. Wakarudia. Mzee akazunguka tena, akihema. Wakarudia.

"Mama, usiachie!" Melkiori alipiga kelele.

Barabara nzima ikageuka. Mzee Stefano akakaa juu ya tairi kama mtu aliyepunguzwa kazini.

Nyuma ya boneti sauti ikasema, "Nimekamata."

Melkiori akaufuata ufa kwa chaki. "Mama, sogeza kiatu, kinanizibia mwanga."

"Unaona kiatu changu?"

"Naona ufa, mama. Kiatu kiko nyuma ya ufa."

Kiatu kikasogea.

Mchana kutwa Melkiori alifanya kazi. Aling'oa silinda, akatoboa kitundu kila mwisho wa ufa usiendelee kutambaa, akachomelea kipande cha bati nene juu yake, akairudisha silinda na kutoa hewa kwenye mafuta. Kisha akarudi nyuma ya matairi, ingawa hakuna aliyejua tena kwa nini.

Mama Klara akapanda, akawasha, akakanyaga kama anayeua nge. Gia ya kwanza ikaingia bila kelele. Akaitoa, akaiingiza tena.

"Mshenga," alisema, "amenisemesha, na mguu wangu ameuona. Hilo lina faini yake, wazee watalizungumza kesho."

"Ndiyo, mama," akasema Mzee Stefano kwa unyonge.

"Kwa hiyo naenda kuwaleta. Na Klara naye aje, asikie mwenyewe."

Melkiori akasimama pale akiisikiliza gia ya pili ikiingia, halafu ya tatu, mpaka pikapu ikapotea njia ya Mgori. Kisha akaenda kutafuta sabuni ya kuogea.