Barua ya Bomba

Umewahi kusubiri uulizwe swali, na jibu unalo mdomoni, kumbe anayetakiwa kukuuliza amekatazwa na sheria? Mimi yalinikuta. Tulia nikueleze, na usinikatize, maana nikikatizwa narudi mwanzo.

Karani wa mji wetu wakati huo alikuwa bwana mmoja mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe. Watu walimwita Siku Kumi na Nne. Ukimpelekea ombi lolote la kumbukumbu za mji, iwe ramani ya kiwanja, iwe mambo ya kikao cha baraza, iwe leseni ya duka lililofungwa zamani, ataandika tarehe, atapiga muhuri, atakutazama juu ya miwani na kusema, "Siku kumi na nne, mama." Na siku ya kumi na nne ukienda unakuta tayari. Hakuwa mtu wa njoo kesho, njoo keshokutwa. Hapo nampa haki yake.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido. Kaunta ya mbao, imelainika pale watu wanapoegemeza viwiko. Nyuma ya kaunta mlango wa chuma, na nyuma ya mlango huo ndiko yanakolala majalada. Kila ukifunguliwa unatoka ubaridi na harufu ya karatasi kuukuu. Nikiisikia harufu ile nilikuwa nanyoosha shingo, kwa sababu mle ndani mlikuwa na karatasi moja iliyoandikwa na mwanangu.

Mwanangu wa kwanza, msichana. Mtaani walimwita Karani. Tangu yuko darasa la nne alikuwa akiwaandikia majirani barua zao. Anakaa kizingitini, daftari gotini, ncha ya ulimi imechungulia pembeni ya mdomo, anamwuliza mtu mzima kama yeye ndiye mkubwa, "Haya, tuanze na salamu au tuanze na shida?" Na alikuwa akikandamiza kalamu huyo! Ukigeuza karatasi unaweza kuyapapasa maneno kwa nyuma.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na miwili, bomba la mtaa wetu lilikauka wiki tatu. Mimi nilikuwa nafua, kwa maji ya kubeba kutoka mtaa wa pili, povu limenifika viwikoni. Nikamwambia, "Andika. Waambie wakubwa wa mji tumechoka." Mimi nikatoa maneno, yeye akayapanga. Mwishoni akaongeza vitu vyake mwenyewe, akacheka peke yake, akaikunja kabla sijaona.

"Umeandika nini hapo chini?"

"Mama, hiyo ni siri yangu na serikali."

Tukaipeleka wote wawili, yeye ameibeba kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Bomba likatengenezwa. Miaka miwili baadaye, homa ya siku nne ikamchukua.

Madaftari yake niliyatia kwenye sanduku, sanduku nikalisukuma chini ya kitanda. Miaka ikapita sijalifungua. Sikuweza. Siku nilipopata moyo wa kulivuta, mchwa walikuwa wameshayasoma yote. Ndani hamna kitu ila udongo. Picha yake ipo moja, ya darasa zima, uso wake sawa na punje ya mtama, nao umefifia. Sauti yake imeanza kunipotea. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile barua.

Sasa wewe utasema, si uende ukaiombe? Mimi nimeishia la saba. Na ofisini watu huenda na haki zao: huyu na kiwanja, yule na leseni. Mimi nilikuwa na hamu tu. Nani anakwenda kaunta ya mji na hamu? Nikajiambia, karani akiniuliza ninaitakia nini, hapo nitasema. Njia nzima nilikuwa nalipanga jibu, hili neno mbele, hili nyuma.

Fomu nilijaziwa na mama wa fotokopi, jirani yangu mwenye meza nje ya lango la ofisi. Huyo mkono wake mwepesi. Hajamaliza kukusikiliza, ameshamaliza kujaza.

"Unataka nini, jirani?"

"Barua ya malalamiko ya bomba la mtaa wetu. Ya zamani, miaka thelathini na zaidi. Nina tarehe yake."

"Nakala," akasema, akatia alama kwenye kisanduku. Ndivyo alivyowajazia watu wote, miaka yote.

Siku Kumi na Nne akaipokea, akaisoma, kidole chake kikifuata mistari. Nikajiweka sawa. Akapiga muhuri.

"Siku kumi na nne, mama."

"Huniulizi ya nini?"

Akanitazama kama nimemwambia avue shati. "Siwezi, mama. Sheria ya kumbukumbu inasema raia haulizwi sababu. Karatasi za mji ni zako. Nikikuuliza ya nini, nimeharibu kazi." Alilisema kwa fahari kweli, na najua alikuwa ananipa heshima. Nikageuka, nikarudi nyumbani na jibu langu lote.

Siku ya kumi na nne nakala ikatoka. Usifikiri ni fotokopi. Karatasi zilizochakaa hakuziweka kwenye mashine ya mwanga. Alizipiga chapa upya mwenyewe, kisha akasomewa na mwenzake mstari kwa mstari, kisha muhuri: Sawa na asilia. Nikaipokea. Maneno yangu yote yamo, tumechoka yetu imo. Lakini herufi ni za mashine. Nikaigeuza, nikapitisha kidole nyuma. Laini kama kioo.

"Pana kosa, mama?"

"Hapana, baba. Imependeza."

Nitasema nini? Mtu kahangaika wiki mbili, kakuletea kazi safi, uanze kumwambia uliitaka chafu?

Nikaketi kwenye benchi la korido kupumua kidogo. Watu kwenye foleni wakawa wanaita, "Karani! Karani, mimi nilitangulia!" Kila wakiita, mimi nageuza shingo kumtafuta wa kwangu.

Mwezi uliofuata nikaenda tena. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu ninayekaa naye, akasimama mlangoni na kujishika kiuno.

"Umeoga, umepaka mafuta, umevaa viatu vya kutokea. Kwenda kuomba karatasi uliyonayo? Sema kweli, wifi, huyo karani ana mke?"

"Ana mke, na wajukuu anao."

"Kwani wewe wajukuu huna? Mmefaana!"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Lakini hata yeye sikumwambia. Jina la yule mtoto tulikuwa tumeliacha mahali, kila mmoja wetu analizunguka asilikanyage.

Safari hii nikamwambia mama wa fotokopi aongeze: yote, hadi mwisho wa ukurasa. Akaongeza, na alama akatia palepale anapotia. Siku Kumi na Nne aliposoma, masikio yalimwinuka.

"Mama, nakala zangu hazikati kitu."

"Najua, baba. Lakini mwisho wa ukurasa palikuwa na kitu."

Akapiga muhuri. Siku kumi na nne. Nakala ya pili ikaja ndefu kuliko ya kwanza, na chini kabisa amepiga chapa hivi: *Chini ya saini pana mchoro wa bomba lenye macho mawili, linalia. Pembeni pameandikwa, Msiponiletea maji nitaishiwa na machozi.*

"Michoro kwa kawaida hatunakili," akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Ila uliomba yote."

Kumbe ndiyo siri yake na serikali. Nilikwenda kwenye lile benchi, nikacheka, kisha kicheko kikageuka. Mlinzi akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, naye hakuuliza. Siku hiyo hamu ikazidi kuliko mwanzo. Mwanzoni nilikuwa namkumbuka mtoto aliyekuwa. Sasa nilikuwa nimemsikia akitania, na utani wenyewe umetoka kwa mashine.

Mara ya tatu nilipopeleka fomu, Siku Kumi na Nne aliinama juu ya kaunta, akapunguza sauti.

"Mama, mimi siulizi. Nasema tu. Kama pana mtu anakushauri uudai mji, bomba hilo lilitengenezwa siku kumi na moja baada ya barua. Nitakuambatishia taarifa ya fundi." Na kweli, zilipofika siku kumi na nne, kanipa nakala ya tatu, safi kuliko zote, pamoja na ukurasa mzima wa koki, mpira na bomba la inchi moja na nusu. Nikamshukuru. Nyumbani wifi akaisoma kwa sauti, akasema, "Barua ya mapenzi haiwi na koki, wifi. Umedanganywa."

Basi, siku moja nikapita tena pale ofisini, sina hata fomu, nimekwenda kukaa tu kwenye benchi, karibu na ule mlango wa chuma. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi mpya. Nikavaa miwani. Ilisema majalada yote ya malalamiko yaliyozidi miaka thelathini yatateketezwa siku ya mwisho ya kazi ya mwezi huo. Nikasoma tena, nikahesabu kwa vidole. Siku ya mwisho ya kazi ilikuwa kesho yake.

Kesho, na yule bwana ni wa siku kumi na nne.

Sijui miguu iliyonipeleka kwenye kaunta. Palikuwa na watu wanne mbele yangu, nikawapita. Mmoja akasema, "Bibi, foleni!" Mwingine akasema, "Mwache huyo, huyo ni mfanyakazi wa hapa." Wakacheka. Nikaweka mikono yote miwili juu ya mbao.

"Ile barua ya bomba. Msiichome."

Siku Kumi na Nne akatazama mikono yangu. "Leo hujajaza fomu, mama."

"Sijajaza."

"Nakala unazo tatu. Zina muhuri. Maneno hayatapotea."

"Siyo maneno, baba."

Akavua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu mpole aliyechoka. Akavuta jalada la maombi, akazifunua fomu zangu moja moja.

"Unataka kuiona yenyewe? Asilia?"

"Yenyewe."

"Mbona zote tatu zimetiwa alama kwenye nakala? Ona, kisanduku cha pili hiki hapa: *Kuona asilia*. Ungekitia alama, ningekuketisha pale dirishani siku ileile. Hata kumi na nne zisingefika."

Nikakitazama kile kisanduku. Kidogo, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Miezi yote ile.

"Nilijaziwa, baba. Sikukiona."

"Nami sikuuliza," akasema. Akaipangusa miwani kwa ncha ya shati lililopigwa pasi, akalikunja vibaya wala asijali.

Kisha akainama, akavuta droo ya chini kabisa. Ilikuwa nzito kufunguka. Akatoa fomu ya rangi ya manjano, akaipuliza vumbi.

"Hii ni ya mtu anayetaka kukabidhiwa karatasi kabla haijateketezwa. Aliyeiandika, au ndugu yake wa karibu. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuijaza, lakini bado ni halali, na inaamuliwa siku hiyohiyo." Akachomoa kalamu. Akaandika jina langu, mtaa wangu, namba ya jalada, ambayo alikuwa anaijua kwa kichwa. "Uhusiano wako na mwandishi wa barua?"

"Mama yake."

Kalamu ikasimama. Akaandika polepole, *mama mzazi*, akashuka mstari wa mwisho, akaurudia kuusoma kama haamini kwamba upo.

"Fomu hii peke yake, mama, ndiyo inayonitaka niulize." Akakohoa kidogo. "Sababu. Unaitakia nini?"

Jibu nililolipanga njia nzima, siku zote zile, lote likanitoka. Hili la mbele wala lile la nyuma, sikuliona hata moja. Nikakumbuka mtoto kizingitini na daftari gotini.

"Salamu tuziache," nikamwambia. "Tuanze na shida. Andika hivi. Mwanangu alikuwa akikandamiza kalamu. Mtaani walimwita Karani. Madaftari yake yameliwa, picha yake imefifia, sauti yake siipati tena hata nikifumba macho. Bomba sina shida nalo, baba, maji yanatoka. Nataka kuona mwandiko wake. Nataka niigeuze karatasi ile, niweke kidole changu kwa nyuma, pale alipokandamiza. Namtaka mwanangu, na kilichobaki ni hicho."